Usingizi wa Hadharani

Nchi ya Shwari hamtaiona kwenye ramani. Mchora ramani alipofika mpakani aliambiwa asubiri kibali, na kibali bado kinashughulikiwa. Lakini nchi ipo, na watu wake wapo. Wanalima, wanaoana, wanazikana, na wakiulizwa habari hujibu "Shwari" hata kama nyumba inawaka moto nyuma yao, maana majibu mengine yalifutwa na Bunge.

Katika nchi hiyo aliishi Bwana Teofili Mkumbwa, Mkurugenzi Mkuu wa Ufuatiliaji katika Wizara ya Pumzi na Mapumziko. Alikuwa mtu mnene wa shingo, mpole wa sauti, mwenye kalamu nzuri. Hakuwa mtu mbaya. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu baadaye litakuwa gumu kuamini.

Wizara yake ilizaliwa hivi. Madaktari wa Shwari waligundua kwamba wananchi wengi walikuwa wakikatika pumzi usingizini. Mtu analala, anakoroma, mara koo linajifunga na kimya kinaingia. Mwili unahangaika mpaka unamshtua, anavuta hewa kama aliyeibuka majini, kisha mambo yanaanza upya, na hivyo hivyo mpaka jogoo awike. Anaamka amechoka kuliko alivyolala, na moyo wake umefanya kazi ya punda. Wafadhili fulani ambao hawakutaka sifa wakaleta mashine, na sifa zote zikaenda kwa Waziri. Zilikuwa mashine ndogo zinazopuliza hewa kwenye mpira mrefu mpaka kwenye barakoa anayovaa mgonjwa puani, ili koo lisijifunge. Watu wakalala. Wapo waliokuwa hawajalala sawasawa tangu ujana wao; waliamka siku ya kwanza wakadhani wamekufa wakafika peponi, mpaka waliposikia redio ikitangaza hotuba.

Kisha madaktari wakatoa ushauri mfupi: wagonjwa hawa wafuatiliwe maisha yao yote, na vifaa vyao vibadilishwe vikichakaa.

Neno "wafuatiliwe" lilipokewa na Baraza la Mawaziri kwa furaha kubwa, maana hiyo ilikuwa kazi ambayo serikali iliijua vizuri. Wakaajiriwa vijana wenye miwani myeusi, na kila mgonjwa akapewa wa kwake. Mgonjwa akienda sokoni, kijana yuko nyuma ya matenga. Akienda kanisani, kijana yuko benchi la nyuma, anafungua kitabu cha nyimbo kichwa chini miguu juu. Jioni taarifa zinapelekwa wizarani: "Mlengwa amenunua nyanya. Mlengwa amecheka bila sababu ya msingi." Kwamba mlengwa alilalaje, hakuna aliyeuliza.

Ama maneno "vibadilishwe vikichakaa", hayo yalimuudhi Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Luteni Balozi Kipalamoto. Alipanda jukwaani akakunja ngumi.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Kitu kilichotolewa na Serikali hakichakai! Kinachochakaa ni shukrani ya aliyepewa!"

Makofi yalipigwa hadi kunguru wakahama uwanja. Hotuba ile iliandikwa na Teofili.

Na si hotuba tu. Ili kuzuia walafi wa barakoa, Teofili aliandika pia Kanuni ya Usingizi wa Hadharani. Kwa kanuni hiyo, anayeomba barakoa mpya sharti kwanza athibitishe kwamba bado anaumwa, kwa kulala mbele ya Kamati, mchana, ukumbini, bila mashine, na kukoroma kwa kiwango cha kuridhisha. Waliokosa usingizi kwa hofu walitangazwa kuwa wamepona. Waliolala upesi walitangazwa kuwa ni wavivu. Bwana mmoja alikoroma kwa ufundi mkubwa mpaka ukumbi ukampigia makofi. Makofi yakamwamsha, na aliyeamka, ilisema Kamati, ni mzima.

Barakoa mpya zilibaki salama katika kabati la vioo kwenye korido ya wizara, zikapangwa kwa ukubwa, zikionyeshwa kwa wageni kama ushahidi kwamba zipo.

Sasa, jambo ambalo wizara nzima haikulijua ni kwamba Teofili mwenyewe alikuwa mgonjwa.

Alikuwa amekwisha kuota akizama mara nyingi kabla hajajua maana yake. Mkewe, Oliva, alikuwa amehamia sebuleni na mto wake. Ndipo alipokwenda kikazi nchi ya jirani, akapimwa kwa siri, akarudi na mashine ndani ya sanduku la cherehani. Jirani alipouliza, alisema mkewe anajifunza kushona. Oliva akarudi chumbani, na kwa miaka kadhaa nyumba ile ikawa na amani.

Lakini raba ni raba. Ukingo wa barakoa uligeuka manjano, ukakakamaa, ukachanika karibu na pua. Teofili aliuziba kwa plasta ya vidonda. Plasta ilipoachia, aliuziba kwa kiraka cha baiskeli. Mpira nao ulipasuka kwenye mkunjo akaufunga kwa utepe wa mafundi umeme. Hewa ikawa inavuja ikipiga mluzi kama birika, ikimpuliza machoni, na koo likarudia desturi yake ya zamani. Akaanza kusinzia mikutanoni akiwa ameshika kalamu. Siku moja alisinzia akitia saini, na jina lake likateremka ukurasa mzima mpaka mezani.

"Baba Neema," Oliva alimwambia, "kaombe barakoa nyingine. Utakuja kunifia."

"Nikaombe kwa nani?"

"Wizarani."

"Mke wangu, wizarani anayeombwa ni mimi."

"Basi jiombe, ujikubalie."

Teofili alicheka, lakini hakucheka kwa raha. Angewezaje? Yeye ndiye aliyeandika, taifa zima likasikia, kwamba vitu vile havichakai. Akisimama leo na barakoa yenye kiraka cha baiskeli, kesho ataonekana ama mwongo ama asiye na shukrani, na katika Shwari uongo ulikuwa na nafuu. Akanunua kiraka kingine.

Ikawadia siku ya kikao kikubwa cha Kamati. Waziri alikuja mwenyewe, na kamera za televisheni ya taifa zikaja, maana Waziri alitaka wananchi waone jinsi wanavyojaliwa. Teofili alikaa katikati, kwenye kiti cha Mwenyekiti, nyuma ya chupa ya maji. Mbele yake palikuwa na benchi la mbao lisilo na godoro. Yeye ndiye aliyependekeza lisiwe na godoro, kusudi anayelala awe amelala kwa dhati.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mama mzee, mrefu, mkavu, amejitanda khanga mbili, mkononi ana kikapu. Nyuma yake alifuata kijana wa miwani myeusi amebeba mashine ya mama huyo begani. Kijana huyo aliitwa Dastani. Kanuni zilimkataza kumsaidia mlengwa, lakini alikuwa amemfuata kwa muda mrefu kiasi kwamba alishamzoea, na kutembea nyuma ya mwanamke mzee aliyeelemewa na mzigo kulimshinda.

Teofili alimwona mama yule, akahisi shingo yake yote imekuwa ya moto. Alikuwa ni Mama Skolastika, mama yake mzazi Oliva.

Kwa watu wa Shwari, mkwe ni mkwe. Hali naye chakula, hapeani naye mkono, wakikutana njiani mmoja huingia majanini mwingine apite. Mkwe kumwona mama mkwe wake amelala ni jambo ambalo hata walevi hawalitanii. Ndiyo maana Mama Skolastika hakuwahi kumwambia Teofili habari za ugonjwa wake. Habari za kitandani haziendi kwa mkwe. Hata Oliva hakujua kwamba panya walikuwa wametafuna barakoa ya mama yake, wala kwamba alikuwa ameanza kusinzia jikoni na kuunguza mkono. Alikuwa amefuata njia ya kila mwananchi, na njia ya kila mwananchi ilimfikisha hapa.

Naye alimwona. Akasita, akavuta khanga mpaka usoni, akageuka upande kama adabu inavyotaka, akingoja. Ilikuwa wazi anangoja nini. Alingoja mkwe wake ainuke, aseme, "Waheshimiwa, huyu ni mama yangu, mimi nitoke nje," na atoke. Maneno machache tu.

Teofili akafungua mdomo. Akamwona Waziri, akaona jicho jekundu la kamera. Mtu akiuliza, "Kumbe ugonjwa uko hadi nyumbani kwako, Mkurugenzi?" angejibu nini?

Akasafisha koo, akasema, "Jina lako nani, mama?"

Mama Skolastika akajibu taratibu, akitazama ukuta, "Skolastika Kihwele, Mheshimiwa."

"Lala," alisema Waziri kwa ukarimu. "Jisikie uko nyumbani."

Alilala. Alijikunja ubavu, akawapa mgongo, akajifunika gubigubi. Waziri akasema usingizi wa kufunikwa hauna uwazi, na karani mmoja akaenda akaivuta khanga, akaikunja vizuri, akaiweka kikapuni. Mama mzee alikuwa amechoka kwa uchovu wa miezi; aibu yenyewe haikuweza kumzuia. Akageuka chali, mdomo ukawa wazi, akaanza kukoroma.

Ukumbi ulicheka. Mpiga picha akasogea karibu. Teofili alitazama chupa ya maji, lakini masikio hayana kope.

Halafu mkoromo ukakatika.

Teofili alikijua kimya kile kuliko mtu yeyote mle ndani. Kifua cha mama kilikuwa kinapanda na kushuka, lakini hakuna hewa iliyoingia. Vidole vyake vilikwaruza ubao.

"Mnaona?" alinong'ona Waziri akitabasamu kwa kamera. "Ametulia. Amepona mbele ya macho yetu." Akaanza kupiga makofi, polepole, kwa heshima. Wajumbe wakapiga. Na Teofili Mkumbwa, aliyejua kwamba mama wa mke wake hana pumzi, akaona mikono yake mwenyewe inainuka kutoka mezani, na ikapiga makofi.

Mama Skolastika alishtuka kwa sauti ya kutisha, kama kitambaa kizito kinachochanwa, akaanguka kutoka kwenye benchi. Akaketi sakafuni akihema, hajui aliko, akipapasa kutafuta khanga yake. Dastani alikuwa wa kwanza kumfikia.

Hukumu ilitoka papo hapo: mwananchi aliyepoteza pumzi na kuirudisha mwenyewe hana haja ya Serikali kumrudishia. Barakoa ikakataliwa. Akapewa cheti cha afya njema.

Jioni Teofili alipofika nyumbani, televisheni ilikuwa imezimwa, lakini ilikuwa bado ya moto. Oliva alikuwa amesimama dirishani.

"Mke wangu," alianza.

"Umemuuliza mama yangu jina lake."

"Kamera zilikuwepo. Waziri alikuwepo."

"Mimi sikuulizi nani alikuwepo." Hakupaza sauti. "Mama yuko kwa shangazi. Nilimwambia aje hapa, akasema hawezi kulala chini ya paa la Mheshimiwa. Mimi naenda kwake. Chakula kipo jikoni."

Chakula kilikaa jikoni mpaka kikachacha. Teofili alijilaza bila kuvaa barakoa, kwa kuwa aliona hastahili hata hewa inayovuja.

Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa Waziri, akapiga magoti kwenye zulia.

"Mheshimiwa, yule mama wa jana ni mama mkwe wangu, na hajapona. Namjua mtu asiyepona. Mimi pia ni mgonjwa, Mheshimiwa, tangu zamani. Barakoa yangu imechanika. Zinachakaa. Ninakuomba turekebishe kanuni, na zile za kwenye kabati zigawiwe."

Waziri alimtazama kama mtu aliyeona kinyago chake kinajikuna.

"Mkurugenzi wa Ufuatiliaji anahitaji kufuatiliwa!" alisema. "Simama. Wewe ni mtu wetu, na sisi hatumtupi mtu wetu. Utaratibu upo, umeuandika mwenyewe. Thibitisha."

Basi Kamati ikaitishwa, kamera zikaitwa, na Teofili akavua koti akalala kwenye lile benchi. Ubao ulikuwa mgumu kuliko alivyofikiria alipokuwa akiuandika. Akafumba macho. Mtu huyu alikuwa amelala kwenye harusi na kwenye mazishi, na kwenye kiti cha kinyozi wembe ukiwa shingoni. Siku hiyo usingizi ulimkataa. Kila alipofumba macho alisikia ukucha ukikwaruza mbao, akafumbua. Aligeuka kushoto, akageuka kulia. Akajaribu kukoroma kwa makusudi. Ikatoka sauti ya mbuzi, na watu wakashika mbavu. Karani akamletea mto, Waziri akaukataza.

Jua lilipoinama Kamati ilitoa hukumu. Teofili Mkumbwa, akiwa macho na mwenye akili timamu, amepatikana na kosa la kusingizia usingizi kwa nia ya kuidhalilisha Serikali. Akavuliwa cheo. Kanuni ikasifiwa kwa kumnasa hata aliyeitunga, na Waziri akasema hakuna uthibitisho mkubwa zaidi wa haki.

Alikaa nyumbani peke yake. Watu waliokuwa wakimwamkia kwa kuinama sasa walikumbuka ghafla kwamba wameacha chungu jikoni. Hilo hakulijali sana. Kilichomtesa ni kwamba hakujua namna ya kumwendea mama mkwe. Kwa kosa kama lile mtu hutuma mshenga, mtu mzima mwenye heshima, lakini kila mtu mzima mwenye heshima aliyeombwa alisema ana mafua.

Mwishowe alikwenda mwenyewe mpaka kwenye uzio wa nyumba ya shangazi. Nje alimkuta Dastani na miwani yake, akimenya mihogo.

"Nina ujumbe kwa mlengwa wako," alisema Teofili. "Mwambie mkwe wake amekuja. Hana cha kujitetea. Anaomba adhabu."

Dastani alijifuta mikono, akaingia ndani. Akakaa sana. Alipotoka alisimama kikakamavu kama anayetoa taarifa.

"Mlengwa anasema adhabu hana, na muda wa kutafuta adhabu hana. Anasema moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa. Mwanawe amesikia kuna kliniki ng'ambo ya mto, nchi ya jirani. Anakwenda kesho. Anahitaji mtu wa kumbebea mashine, maana mimi siruhusiwi kuvuka."

"Mtu gani?"

"Hakutaja. Akasema tu mtu huyo atembee nyuma."

Kesho yake walitoka. Mama Skolastika alitangulia, Oliva kando yake, Dastani akafuata kwa umbali wa kikazi, na nyuma kabisa Teofili, mashine mbili zikimning'inia mabegani, ya mama na ya kwake, mipira yake ikiburuzika vumbini. Watu walitoka kwenye maduka kumtazama aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu. Mmoja akaiga mkoromo wa mbuzi. Teofili hakuinua kichwa. Oliva hakugeuka nyuma hata mara moja.

Kwenye daraja Dastani alisimama. "Ufuatiliaji wangu unaishia hapa," alisema. Akavua miwani, na kumbe alikuwa na macho ya kitoto. "Mama, ukifika uandike."

"Nitaandika nini, mwanangu, na wewe ndiye unayeandika?"

"Basi mimi nitaandika kwamba umefika."

Kliniki ilikuwa nyumba ya vyumba viwili yenye bati la buluu. Hapakuwa na ukumbi wala benchi la kulalia. Alikuwepo muuguzi mmoja, binti mchangamfu aliyekuwa akimalizia kunywa uji.

"Shikamoo mama. Karibuni. Shida nini?"

Oliva akaeleza. Binti alichukua barakoa ya mama, akaona alama za meno ya panya, akaitupa kwenye pipa. Akachukua ya Teofili, akavigeuza viraka vya baiskeli mara mbili tatu, akaitupa pia. Akafungua saraka ya meza, akatoa mpya, akampima mama uso kwa kipande cha plastiki, akamfunga mikanda, akawasha mashine, akasikiliza kama kuna mahali panapovuja. Akabadilisha chujio lililokuwa jeusi kama mkaa. Akamsikiliza moyo, akaandika dawa, akamwambia arudi mvua zikianza aangaliwe tena. Kisha akamgeukia Teofili akamfanyia vilevile. Uji wake ulikuwa bado haujapoa.

Teofili alikaa na barakoa mpya usoni, hewa ikimwingia laini, bila mluzi. Alingoja kuulizwa. Alikuwa tayari kuthibitisha chochote. Akagundua kwamba hakuna atakayemuuliza, na hapo machozi yakaanza kumtoka, yakateremka yakakusanyika kwenye ukingo wa raba.

Binti alishangaa. "Inakubana, baba?"

Akatikisa kichwa.

"Lakini zenu zilikuwa zimekwisha kabisa," binti alisema, akiokota mpira wa zamani na utepe wake. "Hivi ni vitu vya kubadilisha tu, mtu unakuja unachukua. Bibi amekaa na ile ya panya mpaka moyo umefikia hivi! Kwa nini hamkuja mapema?"

Oliva alimtazama mumewe kwa mara ya kwanza tangu walipotoka nyumbani, akingoja asikie atasema nini. Teofili alishusha barakoa. Maneno aliyoyaandika kwa miaka mingi, ya shukrani na kiwango na uthibitisho, yalimpita yote kichwani, na hakupata hata moja la kumpa binti yule.

Mama Skolastika, akiwa amegeukia ukuta kama adabu inavyotaka, akafunga kikapu chake.

"Kwetu ni mbali, mwanangu," alisema.